Kwenye Mashindano ya Mifugo, Tusitoe Alama za Haraka

Wiki iliyopita limebandikwa tangazo pale mbele ya kafeteria. Wiki ya Wanafunzi mwaka huu itakuwa na mashindano ya elimu ya tiba na utunzaji wa mifugo. Kila kitivo kitoe timu ya watu wanne. Sehemu ya kwanza ni maswali na majibu ukumbini. Sehemu ya pili ni vitendo kwenye banda la mbuzi la shamba la chuo, na hapo tangazo linasema wazi kwamba timu itakayomaliza mapema itaongezewa alama.

Kusema ukweli, nimefurahi. Tumezoea mpira, umisi na midahalo ya kila mwaka, kwa hiyo mtu aliyewaza kutupeleka bandani apewe maua yake. Lakini ule mstari wa mwisho umenikosesha amani. Naomba kamati ya serikali yetu ya wanafunzi iufute kabla ya siku yenyewe, na nitaeleza kwa nini, hata kama maelezo yenyewe yananiaibisha.

Mwaka jana nilikwenda TP kwenye sekondari moja ya kata, sehemu ambayo karibu kila nyumba ina mbuzi wawili watatu. Nilikuwa nafundisha Baiolojia kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wanasinzia kwenye mada ya minyoo, nikaona nichangamshe mambo, tufanye mashindano. Asubuhi maswali, mchana vitendo. Mama mpishi wa shule alikubali kutuazima mbuzi wake wanne, maana walikuwa wamefikia muda wa kunyweshwa dawa ya minyoo. Bwana mifugo wa kata alikuja, akapima dozi, akawaonyesha wanafunzi mara moja namna ya kumshika mbuzi na kumnywesha, kisha akapigiwa simu kwamba kuna ng'ombe ameshindwa kuzaa. Akaondoka. Mimi nikabaki na wanafunzi, dawa, na saa ya kwenye simu yangu.

Nikatangaza kwamba atakayemaliza kwanza anapata alama kumi za ziada. Wazo lilikuwa langu, sikutumwa na mtu.

Kijana aliyeongoza kwenye maswali ya asubuhi ndiye aliyeanza. Alimbana mbuzi ukutani, akamwinua kichwa juu kabisa, akasukuma dawa yote kwa mkupuo. Mbuzi akakohoa. Kijana akamaliza kwa sekunde chache tu, darasa likalipuka kwa makofi, na mimi nikapiga makofi pia. Baadaye akaja binti mmoja ambaye darasani sikuwahi kumsikia akijibu swali. Alinawa mikono, akasogea taratibu huku akimwimbia mbuzi kwa sauti ya chini, akasubiri mpaka mnyama atulie. Akashika taya, akaacha kichwa katika usawa wake wa kawaida, akampa dawa kidogo kidogo, akimsubiri ameze. Wenzake walikuwa wanamzomea kwamba anachelewesha. Nilipopanga matokeo ubaoni, binti alikuwa wa mwisho.

Kesho yake yule mbuzi wa kwanza hakula. Siku iliyofuata alikuwa anahema kwa haraka, pua zinatiririka. Bwana mifugo akaja na sindano, lakini siku ya tano mbuzi alikufa. Walipompasua, mapafu yalijieleza yenyewe. Bwana mifugo hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba ukimwinua mbuzi kichwa juu sana na kummiminia dawa kwa pupa, hawezi kumeza vizuri, na dawa inaweza kuingia kwenye njia ya hewa badala ya tumboni. Ikifika mapafuni, mara nyingi kumwokoa huwa kazi ngumu. Ndiyo maana pua isipandishwe juu ya usawa wa macho, na mnyama akianza kukohoa unaacha kwanza.

Nilikwenda jikoni kumwomba mama mpishi msamaha. Aliniuliza, "Mwalimu, aliyeshinda ni nani?" Nikamtajia. "Na yule binti aliyekuwa akimwimbia mbuzi wangu?" Nikamwambia, "Alikuwa wa mwisho, mama." Hakusema neno jingine. Akageukia sufuria yake ya maharage.

Mbuzi nilimlipa kwa hela ya bumu, kwa awamu mbili. Lakini lipo deni ambalo sikuweza kulilipa. Yule kijana alilia alipojua mbuzi amekufa, akaniambia, "Mwalimu, si ulisema tuwahi?" Alikuwa sahihi. Alifanya kile kile nilichokitolea alama.

Wenzangu wa Kitivo cha Elimu, hili si tunalikariri kila muhula? Mwanafunzi hajifunzi kile unachosema ni muhimu, anajifunza kile unachokitolea alama. Benjamin Bloom na wenzake, kwenye kazi yao maarufu ya mwaka 1956, waliyagawa malengo ya elimu katika nyanja tatu, yaani ya akili, ya hisia na mtazamo, na ya stadi za mikono. Tunaziandika zote tatu kwenye UE tukapata A, halafu tukitunga mashindano tunapima moja na nusu. Maswali ya ukumbini yanapima akili. Saa inapima kasi ya mikono. Moyo wa kumjali mnyama, ambao ndio nusu ya neno "utunzaji", hauna hata alama moja.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, mashindano bila muda siyo mashindano. Hapa tutofautishe vitu viwili. Kuweka muda wa mwisho ni jambo moja, kutoa zawadi kwa aliyewahi ni jambo jingine. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, waliandika kuhusu mtihani wa vitendo wa wanafunzi wa udaktari, ambao sasa unatumika hata kwenye vyuo vya tiba ya wanyama. Mwanafunzi anapita kituo baada ya kituo, kila kituo kina muda wake, na mtahini ana orodha ya hatua mkononi. Kengele inalia na watu wanahama. Ila hakuna anayepewa alama kwa sababu amemaliza kabla ya kengele. Alama zinatoka kwenye hatua: umenawa? umemshika vizuri? umepima dozi? Ushindani unabaki pale pale, tena mkali.

La pili, basi tubaki na maswali na majibu, wanyama tuwaache. Hapana. Marekani kuna jumuiya ya wanafunzi wa kilimo iitwayo FFA, iliyoanzishwa mwaka 1928, ambayo ina mashindano ya tiba ya wanyama kwa timu za watu wanne. Huko hawaishii kwenye mtihani wa kuandika. Wanatakiwa kutambua vifaa, aina za wanyama na vimelea, na kuonyesha kwa vitendo namna ya kushika mnyama na kufanya kazi za kliniki. Kwa nini wanasumbuka hivyo? Kwa sababu kujua na kufanya ni vitu viwili. Yule kijana wangu alijua mzunguko wa maisha ya minyoo toka yai hadi yai. Mikono yake ndiyo haikuwa na elimu hiyo, na mimi sikumpa muda wa kuipata.

La tatu, nilisikia mtu akisema pale kafeteria, "Mbuzi ni mbuzi tu, bwana." Kaka yangu, nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Na hata sheria ikae pembeni, kwenye nyumba nyingi tulizotoka mbuzi ndiyo benki. Anauzwa mtoto akipata nafasi ya shule, au mtu akilazwa. Pengine ada iliyokufikisha hapa ilitembea kwa miguu minne.

Sasa napendekeza hivi, na hakuna linalohitaji bajeti kubwa.

Kwanza, alama za haraka zifutwe, uwekwe muda mmoja wa kutosha kwa timu zote. Pili, kuwe na orodha ya hatua itakayobandikwa wiki moja kabla, ili kila timu ijue inapimwa kwa lipi. Kwenye orodha hiyo tabia ya mnyama nayo ihesabiwe. Mbuzi akikohoa au akihangaika, timu inayosimama na kumwacha atulie ipate alama, inayoendelea kumbana izikose. Tatu, kunywesha dawa na kuchoma sindano vifanyike kwa vifaa vya mafunzo au sanamu. Kwa mbuzi hai tubaki na yale yasiyo na hatari kubwa, kama kumshika, kukagua kwato, kuangalia rangi ya ndani ya kope kuona kama ana upungufu wa damu, na kuhesabu pumzi. Nne, mbuzi mmoja asipitie mikono ya timu zote mchana kutwa. Apumzike, apate maji na kivuli. Tano, daktari wa mifugo awepo bandani toka mwanzo hadi mwisho, na awe na mamlaka ya kusimamisha kila kitu bila kumwomba ruhusa mshereheshaji.

Na baada ya mashindano, timu zipitie orodha zao pamoja na daktari. Kikombe kitakaa kabatini, lakini mtu aliyeelewa kwa nini alipoteza alama mbili kwenye kushika taya ataondoka na kitu. Wengi wetu tutakuwa walimu kwenye shule za kata. Tutayaiga mashindano haya jinsi tulivyoyaona hapa, pamoja na makosa yake.

Mimi nimeshajiandikisha kwenye timu ya Kitivo cha Elimu. Kama kamati itaufuta ule mstari, tutashindana kweli kweli na hatutawaonea huruma watu wa Mifugo. Kama utabaki, bado nitaingia bandani. Nitanawa mikono, nitasogea taratibu, nitasubiri mbuzi atulie. Mkiona timu yetu imekuwa ya mwisho, msitupigie miluzi.