Mama wa mtoto mwenye SS naye ana haki ya kufanya mazoezi

Mjini Goma, asubuhi na mapema, si ajabu kuona vikundi vya watu wakikimbia barabarani huku wakiimba. Lakini mama mwenye mtoto wa SS akionekana kati yao, kuna majirani watakaosema amemtupa mtoto. Maneno hayo si ya haki.

SS ni ugonjwa wa damu ambao mtoto anazaliwa nao, na unatoka kwa baba na mama wote wawili. Mtoto huyo anahitaji maji mengi ya kunywa, nguo za joto wakati wa baridi, na chandarua kila usiku. Akipata homa, apelekwe kituo cha afya mara moja, si kesho. Mara nyingi ni mama anayembeba. Mgongo wake ukiharibika, nani atambeba?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Kutembea haraka kunatosha. Lakini mama mhamaji anayebeba bidoni ya litre 20 kila siku pengine anahitaji zaidi kupumzika, na bidoni ibebwe na mume.

Basi baba akae na mtoto saa hiyo, ajue dawa ziko wapi. Na siku mtoto ana maumivu, mama asitoke. Mazoezi yanangoja, homa ya SS haingoji.