KUJARIBU KABLA YA KUPAKIA WATU NI AMANA, SI WOGA

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya swala ya Isha tulikaa barazani pa msikiti hapa Makambako, kila mtu kajikunyata kwenye koti lake, na mazungumzo yakaangukia kwenye treni. Kijana mmoja alikuwa amepanda Mchongoko kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, anatusimulia. Mwenzake akadakia: "Lakini walituchelewesha sana. Mara majaribio, mara majaribio. Treni mpya kutoka kiwandani unaijaribu nini?" Mzee wetu mmoja naye akasema: "Wajaribu wasijaribu, ajali ni kadari ya Allah."

Usiku ule sikujibu. Leo nayajibu yote mawili, kwa sababu yote mawili nayasikia kila siku, na yote mawili yanaua watu.

Tuanze na kijana. Treni ya umeme ya SGR ilifanya safari ya majaribio Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Februari 2024. Abiria wa kawaida wakaanza kupanda tarehe 14 Juni, Dodoma ikafuata tarehe 25 Julai, na Rais Samia akazindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Mchongoko wenyewe ukaanza kubeba abiria Novemba mwaka huo. Miezi ile haikuwa ya kupoteza muda. Treni mpya hukaguliwa kwanza ikiwa imesimama: breki, milango, umeme. Kisha hutembezwa tupu, polepole, mwendo ukiongezwa hatua kwa hatua. Huwekewa mzigo badala ya watu, ionekane inasimama vipi ikiwa imejaa. Madereva nao huizoea njia, ishara na vituo. Treni inayokimbia kilomita 160 kwa saa huhitaji takriban kilomita moja au zaidi ili isimame. Kiwanda cha Korea Kusini hakijui kona za Morogoro wala vumbi la Dodoma. Chombo kinaweza kuwa kizima na njia ikawa nzima, lakini vikikutana vikagombana.

Na hata baada ya majaribio mambo hujitokeza. Mwisho wa Julai 2024 shirika la reli lilieleza kuwa hitilafu ya umeme ilitokana na ngedere na bundi. Watu walicheka sana mitandaoni. Mimi nilijifunza kwamba kukagua hakuishi siku ya uzinduzi.

Sisi watu wa Makambako tusijifanye wageni wa jambo hili. TAZARA inapita hapa kwetu. Ujenzi wa reli ulifika Kapiri Mposhi, Zambia, Juni 1975. Uendeshaji wa majaribio ukaanza Oktoba mwaka huo, na makabidhiano rasmi yakafanyika Julai 1976. Reli ya kilomita 1,860, iliyokuwa ikisubiriwa na mataifa mawili kwa hamu kubwa, bado ilipewa muda wa kujaribiwa.

Sasa mzee wangu, kwa heshima zote. Kadari ni nguzo ya imani yetu, asiyeiamini si mwenzetu. Lakini tarehe 24 Juni 2002, kule Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko bila breki kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 wakafa. Allah awarehemu waliokuwa waja wake wema. Tunaamini ajali zao zilikuwa zimeandikwa. Je, hilo linamfutia jukumu yeyote aliyepewa kazi ya kuangalia breki? Hapana. Mtume (s.a.w.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia kwanza kisha ategemee. Katika Suratul Baqara aya ya 195 tumekatazwa kujitupa wenyewe kwenye maangamizi. Na katika Surat Sabaa, Nabii Dawud (a.s.), ambaye Allah alimlainishia chuma, aliamrishwa apime sawasawa viungo vya deraya. Nabii mwenye muujiza mkononi anaambiwa apime! Wewe fundi usiye na muujiza unasema "itakaa tu"?

Nisije nikaonekana nawasema wengine. Miaka kadhaa nyuma tulijenga mnara wa tangi la maji kwenye madrasa. Mgeni rasmi alikuwa anakuja Jumapili. Fundi akaniambia: "Shekhe, tuache zege likomae, kisha tujaze maji nusu, tuangalie siku mbili tatu." Mimi nikamwambia hapana, mgeni lazima akute bomba linatoka. Tulijaza tangi lote Ijumaa jioni. Usiku wa kuamkia Jumamosi tulisikia kishindo. Mnara ulikuwa chini, tangi limepasuka, pale pale watoto wanapopanga foleni kutia udhu wa Alasiri. Hakuumia mtu. Lakini mpaka leo nikiwaona watoto pale bombani, moyo unaniuma. Fundi alitaka kujaribu. Imamu ndiye aliyekataa, kwa sababu ya aibu ya mbele ya mgeni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Tarehe ya uzinduzi isiwe bosi wa fundi. Kiongozi anayesogeza sherehe mbele kwa kuwa fundi hajaridhika, tumsifu, tusimzomee. Wewe mwenye Coaster ya Makambako na Njombe, ukibadilisha breki, izungushe tupu kwanza kabla ya kupakia wake za watu na watoto. Wewe abiria, dereva akisimama kukagua gari usimpigie kelele "twende, tumechelewa". Kelele zako ni sehemu ya ajali. Na sisi viongozi wa misikiti, tusimharakishe fundi ili tufungue jengo kabla ya Ramadhani.

Mwisho, ndugu zangu, tujikumbushe. Chombo kikikutwa na kasoro kwenye majaribio hurudishwa karakana, hakuna lawama. Nafsi zetu nazo bado ziko kwenye majaribio. Tuzikague leo, kwani siku ya Hisabu hakuna kurudi karakana.

Allah atuhifadhi safarini na atujaalie kuwa watu wa amana. Ukiona kuna kheri humu, mfikishie dereva na fundi unayemfahamu.

Wabillaahi tawfiiq.