Sinza: Baa kujaa si hoja, mkulima aangalie jiko

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, baa nzuri Sinza ni ile yenye bia baridi na nyama choma laini. Kwa mkulima wa viazi wa Njombe au mfugaji anayepeleka mbuzi mnada wa Pugu, baa nzuri ni ile inayolipa.

Katika baa nyingi za huko, mwenye baa huuza vinywaji tu. Jiko hukodishwa kwa mtu mwingine, na huyo ndiye anayenunua mbuzi, kuku, ndizi na viazi. Mara nyingi huchukua kwa mali kauli, akiahidi kulipa baada ya kuuza. Akihama au akiondolewa, deni huondoka naye.

Hivyo, anayetafuta mteja wa kudumu asidanganywe na umati wa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Apite Jumanne, siku za kuelekea tarehe 20, mishahara ikiwa imekwisha. Jiko linalouza siku hiyo lina wateja wake. Aulize pia muuza mkaa wa jirani kama analipwa kwa wakati, kwani huyo ni miongoni mwa wa kwanza kukopwa.

Kisha aanze na mzigo mdogo, kwa fedha taslimu, na apime kwa kilo, si kwa lumbesa. Bei ya mkopo huonekana nono kuliko ya dalali, lakini ya dalali iko mkononi. Asiye na mtaji wa kusubiri wiki mbili, afadhali amuuzie dalali.