Kokoto Chafu Huiua Reli Kabla ya Mafuriko



Kila Reli ya Kati inapokatika baina ya Kilosa na Gulwe, jawabu ni moja: mafuriko, kazi ya Mungu. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulipoizoa njia na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Sisi wa huku Omani, wengi wetu tuna jamaa Tabora na Ujiji, na tunajua bei ya unga na mafuta inavyoruka reli ikilala. Mvua ni ya Mungu, sikatai. Lakini kuzibua mtaro ni kazi ya binadamu.

Mimi ni nesi, si mhandisi, ila jambo hili linaeleweka. Zile kokoto chini ya mataruma si pambo. Ni mawe yaliyovunjwa, yenye pembe kali. Yanaumana, taruma halihami, na uzito wa treni unatawanyika kabla ya kulifikia tuta. Tena baina ya jiwe na jiwe pana nafasi, maji ya mvua hupita humo yakatokea mtaroni.

Sasa nafasi hizo zikiziba? Mawe yenyewe husagika chini ya uzito wa treni, vumbi huingia, mizigo humwagika, udongo hushuka kutoka mlimani, na mfinyanzi hupanda kutoka kwenye tuta. Maji yanakosa pa kutokea. Treni ikipita, taruma hugandamiza tope, likiinuka hulivuta juu. Kokoto zilizopakwa tope huteleza badala ya kuumana. Reli inazama, upande mmoja zaidi ya mwingine. Kwanza dereva huamriwa aende mwendo wa kinyonga, na siku ya siku behewa huacha njia.

Wala si maradhi ya maskini peke yao. Mei 2005 huko Wyoming, Marekani, treni mbili za makaa ya mawe zilianguka kwenye njia moja katika muda wa siku mbili. Vumbi la makaa lilikuwa limejaa ndani ya kokoto, na maji yakakwama. Hapa Omani nako, reli ya Sohar hadi Abu Dhabi inayojengwa itapambana na mchanga wa jangwani.

Mto uliofurika unaweza kuibeba hata njia safi. Lakini njia iliyokwisha kulowa na kulegea haingoji mto mkubwa.

Dawa inajulikana: kuzichimbua kokoto, kuzichekecha, kurudisha zilizo nzima na kuongeza mpya, kisha kuzibua mitaro na makalvati. Kumwaga kokoto mpya juu ya tope ni sawa na kufunga bendeji safi juu ya kidonda chenye usaha. Juu panapendeza, ndani panaoza.

Na hapa ndipo siasa inapoingia. Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa TRL, RITES ya India ikiwa na hisa asilimia 51. Ubia ukavunjika, serikali ikaichukua tena, kisha TRC ikarudi. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kuifufua njia ya Dar es Salaam hadi Isaka. Majina yamebadilika, lakini kokoto hazijui nani mwenye hisa.

Mwaka 2024 SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma, nasi tukafurahi, na ni haki yetu. Lakini nayo imelazwa juu ya kokoto, na inapita Kilosa ile ile. Utepe hukatwa mara moja. Mtaro huzibuliwa kila mwaka, na hakuna kiongozi anayepigwa picha akiuzibua.

Basi walioko nyumbani wawaulize wabunge wao kila bajeti: ni kilomita ngapi za kokoto zilizosafishwa? Ni makalvati mangapi yaliyozibuliwa kabla ya masika? Jawabu litolewe kwa namba, hadharani. Bila ya hivyo, tutaendelea kumsingizia Mungu.



Khuwair ya Kusini, Muscat