Bariadi ina fedha ya fundi, haina fedha ya leseni

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Katika steshenari za Bariadi, mkoani Simiyu, siku hiyo ilipita kama siku nyingine: vyeti vilitolewa kopi, barua za kuomba kazi zilichapwa, picha za pasipoti zilikatwa. Kompyuta haikuzimika hata moja. Kilichokatika ni kitu kisichoonekana kwa macho, yaani yale marekebisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupitia.

Kuhamia Windows 11 si rahisi kama inavyosemwa. Mashine nyingi zinazofanya kazi mitaani ni mitumba, na kompyuta zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, karibu zote, hazimo katika orodha inayokubaliwa. Hata kwa mwenye mashine inayofaa, leseni ya Windows 11 ya nyumbani huuzwa Marekani kwa dola 139, na ile ya Office ya kununua mara moja ilitangazwa 2024 kwa karibu dola 150. Jumla yake ni kama shilingi 700,000 za Tanzania. Kwa mkulima wa Itilima au Meatu, hayo ni mamia ya kilo za pamba. Kwa mwenye steshenari ni kopi nyingi mno.

Ndiyo maana fundi huitwa "apige Windows". Anakuja na flashi mfukoni, anapakia programu iliyovunjwa kufuli, anapewa chake, anaondoka. Hakuna haja ya kumtukana fundi huyo, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na ndivyo mteja anavyotaka. Lakini gharama yake ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Tena anayevunja kufuli la programu na kuigawa bure mara nyingi huacha mlango wa nyuma wazi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, na vilipenya hasa kwenye Windows ambazo hazikuwa zimepata marekebisho. Duka lililoweka orodha ya wadaiwa wake wote ndani ya mashine ya namna hiyo linacheza na mtaji.

Njia nyingine ipo, na haikuanza jana. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa Linux. Kutokana na kazi hizo zilikua programu ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitumia, kuzinakili, kumpa jirani, kuzifungua na kuzibadili. Kiingereza kina neno moja, "free", kwa "bure" na "huru", na kwa sababu hiyo Stallman amelazimika kuifafanua hoja yake kwa miaka mingi. Kiswahili hakina shida hiyo. Tunasema programu huria, na kila mtu anaelewa kwamba kinachozungumzwa ni ruhusa kuliko bei.

Tanzania yenyewe iliwahi kutangulia. Mwishoni mwa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux uliofanywa pamoja na washirika wa Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mtu angeweza kuandika barua na kupiga hesabu bila kukutana na neno la kigeni kwenye kitufe. Inasikitisha kwamba kazi ile haikufuatwa na mafundi wa kuisambaza wilayani. Programu yenyewe ilipata mrithi mwaka 2010, anayeitwa LibreOffice, na huyo anapatikana bila malipo hadi leo.

Mwenye duka la pembejeo Somanda, mjini Bariadi, angefanya nini na LibreOffice? Angeanza na jedwali moja: tarehe, bidhaa, idadi, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, aliyekopa. Hilo tu. Jioni angejua faida ya siku bila kuhesabu noti za kwenye droo, ambazo nusu yake ni za mtaji. Na kumbukumbu zina thamani hata mbele ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Katika jedwali la kodi ya makadirio lililopitishwa 2019, mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitozwa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 akiwa na hesabu zinazoeleweka alilipa 30,000. Shilingi 70,000 zilibaki dukani kwa sababu ya kuandika.

Steshenari inayotengeneza kadi za harusi, vitambulisho na mabango ina Inkscape na GIMP, programu huria za kuchora na kuhariri picha. Biashara iliyokua, yenye ghala na wauzaji kadhaa, inaweza kutazama ERPNext, programu huria ya kuendesha biashara iliyotengenezwa India kwa ajili ya kampuni za kawaida. Mashine kuukuu yenye RAM ya GB 4 inaendesha Linux Mint bila kuhema.

Ugumu upo na usifichwe. Barua iliyopangwa kwa Word ikifunguliwa kwenye LibreOffice huweza kuvurugika mistari, mara nyingi kwa sababu ya fonti. Dawa ni kuweka Carlito na Caladea, fonti huria zilizochongwa kwa vipimo vya Calibri na Cambria, na kumtumia mteja PDF. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, nayo inabaki palepale, kwa kuwa jedwali la kompyuta si risiti ya serikali. Na wiki mbili za kwanza kila kitufe kitaonekana kimehama.

Lakini wiki mbili hizo zinahitaji mtu wa kushika mkono, na hapo ndipo penye hoja yenyewe. Programu huria haimfukuzi fundi. Inamfanya awe wa lazima. Hata sehemu ya fedha ambayo ingekwenda kwenye leseni nje ya nchi inaweza kumlipa kijana wa Bariadi aje kila mwezi, aweke nakala ya mafaili, afundishe karani, arekebishe jedwali. Fedha hiyo italala Bariadi.

Simiyu inaijua hesabu hii. Mkoa huu ulioanzishwa 2012 ulijitangaza kwa kaulimbiu ya wilaya moja, bidhaa moja: vijana wa Maswa wakatengeneza chaki, wa Meatu wakasindika maziwa. Watu waliokataa kununua chaki ya mbali wakati wana mikono ya kuitengeneza hawana sababu ya kushindwa na jedwali la mauzo. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kina kampasi mkoani hapa na kinafundisha uhasibu. Wanafunzi wake wafanye mazoezi ya hesabu za maduka halisi kwa LibreOffice. VETA ya mafunzo ya ufundi na SIDO ya viwanda vidogo wamfundishe fundi kupakia Linux kama anavyojua kupiga Windows. Makarani wa vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), wanaoshika hesabu za wakulima wengi kuliko duka lolote, wawe wa kwanza kuitwa darasani.

Msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Kompyuta moja ya zamani, flashi moja na wiki mbili kabla ya hapo vinatosha kuanzia.