Dau la besiboli: Hasara haiko kwenye timu, iko kwenye kiasi

Mfanyabiashara wa jumla anayeagiza magunia 100 ya sukari hujiuliza mambo mawili kabla ya kutoa fedha: bei ikoje, na mzigo huu ukikwama duka litasimama? Mtu huyo huyo akikaa usiku na simu mkononi kuweka dau kwenye besiboli ya Marekani, huuliza jambo moja tu: nani atashinda? Kwa maoni ya safu hii, katika biashara hiyo swali hilo ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote.

Besiboli imeingia kwenye orodha za kampuni za kamari hapa kwetu kwa sababu inajaza pengo. Mechi inayoanza saa 1 jioni New York wakati wa kiangazi huanza saa 8 usiku Afrika Mashariki, soka ya Ulaya ikiwa imekwisha lala. Huko kwao, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta mwezi Mei 2018 sheria ya mwaka 1992 iliyokuwa ikizuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo, na tangu hapo soko limepanuka kwa kasi. Bidhaa yenyewe haiadimiki. Ligi kuu ina timu 30, kila moja hucheza mechi 162, jumla mechi 2,430 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, kabla hata ya mechi za mtoano.

Wingi huo ndio unaowaponza watu wetu waliozoea soka. Katika soka timu kubwa inaweza kumaliza msimu na vipigo vitatu. Katika besiboli haiwezekani. Seattle Mariners walishinda mechi 116 mwaka 2001, rekodi ambayo hakuna timu iliyoipita, na bado walifungwa mara 46, kisha hata fainali hawakufika. Timu ya nyumbani kwa miaka mingi imekuwa ikishinda mechi kama 54 tu kati ya 100. Kinachosogeza bei zaidi ni mtupaji anayeanza mchezo. Watupaji hao huenda kwa zamu, kwa kawaida watano, kwa hiyo timu ya leo si timu ya jana ingawa jina na jezi ni zile zile. Anayesoma jina la timu bila kuangalia nani anatupa ni sawa na mnunuzi wa korosho asiyefungua gunia.

Sasa bei. Chukua mechi ambayo timu moja inalipa 1.80 na nyingine 2.10. Gawanya 100 kwa 1.80, unapata 55.6. Gawanya 100 kwa 2.10, unapata 47.6. Jumla ni 103.2, wakati uwezekano wote duniani hauzidi 100. Ile 3.2 ya juu ndiyo faida ya mwenye duka. Kwa kila sh. 100 zinazopita mezani, mchezaji wa kawaida huacha karibu sh. 3. Si ghali sana. Kuna mikopo mitaani inayonyonya zaidi. Mtu anayeweka sh. 10,000 kila siku kwa siku 180 za msimu atakuwa amezungusha sh. 1,800,000 na kwa wastani atapoteza kama sh. 55,000. Hiyo ni gharama ya burudani, na penye kodi ya ushindi inaongezeka.

Lakini nani huweka dau moja moja? Watu hutandika mkeka. Ukiunganisha timu 5 za bei ya 1.80, ile faida ya mwenye duka hujirudia mara tano, moja juu ya nyingine, na sh. 3 zinakuwa zaidi ya sh. 14 kwa kila 100. Mkeka huo unaahidi karibu mara 19 ya dau, nao hupona mara 4 au 5 kati ya 100. Mara zilizobaki huchanika, wakati mwingine kwa timu moja tu, na mchezaji huamini alikaribia. Hakukaribia. Alinunua bidhaa ile ile kwa ushuru mara tano.

Baya kuliko mkeka ni desturi ya kuongeza dau mara mbili kila unapopoteza, eti siku moja lazima ushinde na kurudisha zote. Anza na sh. 5,000. Ukipigwa mara 7 mfululizo umekwisha toa sh. 635,000, na dau la nane linadai sh. 640,000, ili hatimaye upate faida ya sh. 5,000. Watetezi wa mbinu hii husema vipigo saba mfululizo ni nadra. Katika madau 180 ya nusu kwa nusu, uwezekano wa kukutana navyo angalau mara moja unakaribia nusu. Na kuna vibaya zaidi. Baltimore Orioles waliuanza msimu wa 1988 kwa vipigo 21 mfululizo. Chicago White Sox walipoteza 21 mfululizo mwaka 2024, msimu waliofungwa mara 121. Aliyewang'ang'ania kwa kuongeza mara mbili kutoka sh. 5,000 angetakiwa kuweka zaidi ya sh. bilioni 5 kwenye mechi ya 21.

Wataalamu wanayo njia nyingine. John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell, alichapisha mwaka 1956 hesabu ya kiasi cha kuweka, na mwanahesabu Edward Thorp aliitumia kwenye karata, baadaye kwenye soko la hisa. Ni rahisi: zidisha bei kwa uwezekano unaouamini, toa 1, kisha gawanya kwa bei iliyopunguzwa 1. Ukiamini timu ya 1.80 ina uwezekano wa asilimia 58, jibu ni asilimia 5.5 ya mtaji. Mwenye sh. 500,000 ataweka sh. 27,500.

Tatizo ni ile asilimia 58. Umeipata wapi? Ikiwa ukweli ni 55, hesabu inatoa jibu chini ya sifuri, maana yake usiweke hata senti. Pointi tatu tu za kujidanganya ndizo zinazotenganisha biashara na sadaka. Ndiyo maana wanaojua kazi huweka nusu au robo ya kiasi kinachotajwa, na wengi hawavuki asilimia 1 au 2 ya mtaji kwa mechi moja. Huyo wa sh. 500,000 aweke sh. 5,000, kiasi kile kile ashinde au apoteze, na aandike kwenye daftari bei aliyopata na bei iliyokuwapo mechi ilipoanza. Baada ya mamia ya mechi, kama hakuwa akipata bei bora kuliko ya mwisho, hana ujuzi wowote na afunge daftari. Akiwa nao kweli, ajiandae kwa jambo jingine: kampuni nyingi humpunguzia kiwango cha juu cha dau mteja anayeshinda mno.

Asiyeamini kwamba kiasi ndicho kinachoua amsome Ippei Mizuhara, aliyekuwa mkalimani wa Shohei Ohtani, nyota wa Los Angeles Dodgers. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa Marekani, kati ya Desemba 2021 na Januari 2024 aliweka madau kama 19,000 kwa mpokea dau asiye na leseni, na hakukuonekana hata moja la besiboli. Alishinda zaidi ya dola milioni 142. Alipoteza kama milioni 183. Alicheza kwa mkopo, na kila ukomo wake ulipojaa aliomba uongezwe. Karibu dola milioni 17 alizichota kwenye akaunti ya Ohtani. Alikiri makosa mwaka 2024 na Februari 2025 akahukumiwa kifungo cha miezi 57. Ukisikia mtu kijiweni anataja ushindi wake, kumbuka kwamba huyu naye alikuwa na milioni 142 za kutaja.

Safu hii haimwambii mtu mzima asicheze. Inasema fedha ya mzigo, ada ya shule na rejesho la mkopo zisipite huko hata kwa usiku mmoja, na kwamba mamlaka za kamari zina kazi ya kufanya. Muuza sukari hulazimika kutumia mizani iliyopigwa muhuri wa Wakala wa Vipimo. Kampuni ya kamari nayo ilazimishwe kuandika kwenye kila tiketi ni shilingi ngapi kati ya kila 100 anazochukua mwenye duka: 3 kwa mechi moja, 14 kwa mkeka wa tano. Mashine zinazopanga bei hizo tayari zinaijua namba hiyo. Kuichapisha ni mstari mmoja wa wino.