Kuzamia na Kuzimia

Ndugu msomaji, baina ya kuzamia na kuzimia ipo herufi moja tu. Lugha yetu imeyaweka maneno hayo kuwa majirani, na bahari nayo imefanya vivyo hivyo. Juma hili ukurasa wetu unatoka jikoni na sebuleni, unashuka hadi ufukoni, kwa kuwa wako waume na wake, hasa vijana waliooana karibuni, wanaotamani kujifunza pamoja kupiga mbizi kwa pumzi zao wenyewe, wakachome samaki au wachokoe pweza. Tamaa hiyo ni njema. Lakini ndani yake mna uhai wa watu wawili na amani ya nyumba moja, kwa hiyo haifai kuliendea jambo hili kwa pupa.

Na tuanze na desturi. Katika mwambao wetu kazi ya mwambani imegawanywa tangu zamani. Maji ya bamvua yanapokupwa, mwanamke hutoka na mkonjo na kikapu chake, akatembea juu ya mwamba ulioachwa wazi, akichokoa pweza na kuokota kombe. Mwanamume huvuka upande wa pili wa mwamba, kwenye maji ya kina, akazamia. Mgawanyo huo haukuwekwa na bahari, umewekwa na mazoea, kwani wasichana wengi hukua karibu na maji bila ya kufunzwa kuogelea. Matokeo yake ni kwamba mke hana budi kungoja bamvua, ambazo huja mara mbili tu katika mwezi, na mumewe ana siku nyingi zaidi za kutafuta kitoweo. Basi mke ajifunzaye kuzamia hafuati mchezo wa wageni wa hotelini. Anajiongezea siku za kazi.

Kama yuko asemaye kwamba mwanamke hana pumzi ya kutosha, na autazame mfano wa Jeju, kisiwa cha Korea ya Kusini. Huko wazamiaji ni wanawake, nao huitwa haenyeo. Hushuka kiasi cha mita 10 bila ya chombo cha kupumulia, wakazuia pumzi kiasi cha dakika moja kila wanapozama, na wengi wao ni bibi wenye wajukuu. Utamaduni wao uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2016. Jambo linalotupasa kulizingatia ni kwamba haenyeo hujigawa katika makundi matatu kwa kadiri ya ustadi, na wale wa kundi la juu huwaongoza wengine. Hapana mwanagenzi anayejifundisha peke yake.

Japani nako wako wanawake wazamiaji waitwao ama. Miongoni mwao kulikuwa na utaratibu wa mke na mume kwenda katika chombo kimoja. Mke hushuka kwa msaada wa uzito mkubwa unaompeleka chini upesi, na mume hubaki chomboni ameishika kamba. Mke anapotoa ishara, mume humvuta juu kwa nguvu zake zote. Hebu fikiri, msomaji, ni imani ya namna gani ile! Mume yule hawezi kusinzia, wala kupiga soga na chombo cha pili, wala kuvua samaki wake wa pembeni. Kazi yake ni kamba ile tu, kwa sababu pumzi ya mkewe imo mkononi mwake.

Sasa natuangalie yanayoupata mwili majini. Juu ya maji mwili hubeba uzito wa hewa tuliyoizoea. Ukishuka mita 10, uzito huo huwa maradufu, na mapafu yaliyojazwa lita 6 za hewa hubanwa yakawa na lita 3. Badiliko lililo kali kuliko yote halipo kilindini, lipo karibu na uso wa maji. Ndiyo maana mwanagenzi huumwa masikio kabla hata hajafika mita 3. Dawa yake ni kuziba pua kwa vidole na kusukuma hewa taratibu hadi masikio yafunguke, na jambo hilo lifanywe kila mita moja, kabla ya maumivu na wala si baada yake. Yakikataa, panda kidogo ujaribu tena. Yakikataa tena, maliza siku yako. Mwenye mafua asizame kabisa, na yeyote asitie pamba wala kizibo masikioni, kwa maana kiwambo cha sikio kinaweza kupasuka. Kadhalika, miwani ya kuzamia sharti ifunike na pua. Ile midogo ya kuogelea haina njia ya kutiliwa hewa kutoka puani, na hubana macho hata yakavilia damu.

Masikio huumiza, lakini angalau hutoa onyo. Adui mkubwa zaidi haonyi. Watu wengi hudhani kwamba hamu ya kuvuta pumzi hutokana na upungufu wa oksijeni. Sivyo. Aghalabu hutokana na kuongezeka kwa hewa ya kaboni mwilini. Mwanagenzi akisimama juu ya maji akahema haraka haraka mara nyingi, akidhani anajiwekea akiba, oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Alichofanya ni kuitoa kaboni, yaani amemziba mdomo mlinzi wa nyumba yake. Daktari Albert Craig wa Marekani alilieleza jambo hilo mwaka 1961, baada ya kuchunguza habari za waogeleaji waliopoteza fahamu chini ya maji ilhali walijiona hawana taabu yoyote.

Tena kuna hila ya pili. Mtu akiwa chini, mgandamizo wa maji huisaidia oksijeni iliyobaki kuingia katika damu, naye hujiona yu salama. Anapopanda mgandamizo hupungua, na katika mita chache za mwisho ubongo hukosa oksijeni ghafula. Hapo huzimia, pengine akiwa amebakiza urefu wa mkono kufika juu, pengine akiwa amekwisha kufika na kutabasamu. Akiwa peke yake, hufa kimya. Akiwa na mwenzake anayemtazama, huinuliwa kichwa, huvuliwa miwani, hupulizwa usoni na kuitwa jina, na mara nyingi huzinduka papo hapo. Asipozinduka hupuliziwa pumzi kinywani huku akivutwa kwenda chomboni au pwani na msaada ukiitwa. Na hata akizinduka, kuzamia kwa siku hiyo kumekwisha, na daktari amwone.

Asijidanganye mtu kwamba ustadi ni kinga. Natalia Molchanova wa Urusi alikuwa mwanamke wa kwanza kuzuia pumzi zaidi ya dakika 9, akitulia majini, mwaka 2013. Tarehe 2 Agosti 2015 alizama karibu na kisiwa cha Formentera, Hispania, katika mbizi isiyokuwa ya mashindano wala ya kamba. Hakuonekana tena.

Basi kanuni ya kwanza ya wana ndoa majini ni hii: mmoja chini, mmoja juu. Aliye juu amtazame aliye chini tangu anapoinama hadi anapoibuka, kisha amtazame kwa nusu dakika nyingine, kwa kuwa hatari haiishi kichwa kinapotokeza. Aliyeibuka naye apumzike kwa muda usiopungua mara mbili ya ule aliokaa chini. Zamu ifuate baada ya hapo.

Kanuni ya pili: usizame kupita kina ambacho mwenzako anaweza kukufuata na kukutoa. Hapa ndipo ndoa inapopimwa. Mara nyingi mmoja hujifunza upesi kuliko mwingine. Pengine ni mume, kwa kuwa alicheza na mawimbi utotoni. Pengine ni mke, kwa kuwa ametulia na hana haja ya kuonyesha ushujaa. Aliyetangulia huanza kuona anacheleweshwa, na aliyebaki nyuma huanza kuona anadharauliwa. Kanuni hii inawasawazisha wote wawili. Anayeweza mita 12 na mkewe anaweza mita 5, basi kina cha nyumba hiyo ni mita 5. Wala si hasara, maana katika mita hizo wapo changu, wapo tasi, na pweza yumo katika tundu lake.

Kanuni ya tatu: wawili wawe na mkuki mmoja. Mikuki ikiwa miwili, kila mmoja humfukuza samaki wake, na hapo hakuna tena mlinzi. Nimeona watu wakiona kanuni hii ni ya ubahili. Kinyume chake, ni ukarimu, kwani anayeacha mkuki ili amtazame mwenzake amempa kitu ambacho hakiuzwi sokoni. Na mkuki huo usielekezwe kwa mtu hata siku moja, na uwe bunduki au wa mpira, usitegwe nje ya maji.

Kanuni ya nne inahusu ulimi. Mume asijifanye mwalimu wa mkewe, wala mke wa mumewe. Tafuteni mtu wa tatu, mzamiaji mtu mzima aliyekubalika kijijini, awafundishe nyote kwa pamoja. Masahihisho yatokayo kwa mgeni hupokewa kama elimu. Yatokayo kwa mwenzi, saa ya uchovu, hupokewa kama lawama za jana na juzi. Kadhalika mkubaliane kwamba mmoja akisema "basi kwa leo", neno hilo halijadiliwi, wala haliulizwi sababu, wala halikumbushwi mbele ya mashemeji wakati wa chakula. Mke anayejua kwamba hatachekwa husema ukweli kuhusu masikio yake. Mume anayejua kwamba heshima yake haipungui husema kwamba amechoka. Aibu imewazamisha wengi ambao maji yenyewe yangewaachia. Tena msishuke majini mkiwa mmegombana, wala mkiwa hamkulala, wala mkiwa mmekunywa pombe.

Imebaki habari ya sheria na ya mwamba wenyewe. Nchini Kenya bunduki za kuchomea samaki zilipigwa marufuku mwaka 2001. Kwetu pia ziko zana zilizokatazwa na sehemu zilizofungwa. Kwa mfano, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, ina masharti yake. Kabla hujanunua hata mpira wa mkuki, mwendee afisa uvuvi na kamati ya kijiji, uulize kipi kinaruhusiwa na wapi, kisha upate leseni. Kasa na nguva hawaguswi. Kamba mwenye mayai huachwa. Pweza asiyefikia nusu kilo hurudishwa tunduni akue, naye hukua upesi sana.

Na mjue mnaowinda ni nani. Pweza jike akishataga hukaa tunduni akiyalinda mayai yake na kuyapepea maji safi, hali chakula, na yanapoanguliwa yeye hufa. Ukimkuta amejikunyata juu ya mayai yake, mpite. Chewa naye, katika jamii nyingi za samaki hao, huanza maisha akiwa jike na baadaye hugeuka kuwa dume, kwa hiyo anayechoma wakubwa tu huwamaliza waume wa mwamba mzima. Mwamba nao una nyumba zake, na mtu mwenye familia hapaswi kuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kwa wanaoanza, chagueni majira ya maleleji, baina ya kusi na kaskazi, wakati maji yanapotulia na kuonekana. Ingieni wakati mkondo umelala. Wekeni boya lenye bendera ili vyombo viwaone, na mwambieni mtu wa nchi kavu saa mtakayorudi. Siku za mwanzo msichukue mkuki kabisa. Zameni mita 3, tazameni, pandeni, pumzikeni. Mkipewa mkanda wa risasi, uwe mwepesi kiasi cha kuwaacha mkielea baada ya kutoa pumzi, na kifungo chake kifunguke kwa mkono mmoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakuambiwa ainame peke yake.

Siku ya kurudi na samaki itafika. Itakapofika, msiulizane nani aliyemchoma. Aliyekuwa juu akitazama amevua sawasawa na aliyekuwa chini, na mchuzi wao ni mmoja. Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutazungumza habari ya kuhifadhi samaki kwa chumvi na moshi. Kwaherini.